Mei ya Ufuta, Nyangamara

Ufuta ukishakomaa haumngoji mtu. Maganda yake hupasuka yenyewe kwa juu, na ukizembea siku mbili tatu mbegu zote zinamwagika, unabaki umeshika mabua. Ndiyo maana kwetu Nyangamara, ukifika mwezi wa tano kwenda wa sita, kijiji kinahamia shambani. Watu wanakata, wanafunga matita, wanayasimamisha yakiegemeana ili yakauke yakiwa wima. Siku ikifika wanatandika turubai, wanapindua tita kichwa chini na kuligonga kwa fimbo, mbegu zinashuka kama manyunyu juu ya bati. Mwaka 2013 ufuta wetu ulikauka wiki ile ile Mtwara ilipowaka. Kwa hiyo kumbukumbu zangu za wiki ile zina harufu ya majani makavu na jasho, na kelele zake nyingi ni za fimbo.

Nyangamara ni kata ya Lindi upande wa ndani. Wakati ule tulikuwa Wilaya ya Lindi Vijijini, leo tunaitwa Halmashauri ya Mtama. Mji wetu ni Mtama, penye barabara kuu itokayo Mnazi Mmoja kwenda Masasi. Pale Mnazi Mmoja ndipo njia zinapoachana: hii Lindi, hii Mtwara, hii Masasi. Likitokea jambo katika mji wowote kati ya hiyo mitatu, habari inafika Mtama kabla ya magharibi, kisha inapanda bodaboda kuja kwetu, na kila abiria anayeshuka anaiongezea chumvi yake.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Wasomaji wa rika langu hawahitaji kukumbushwa mtihani wa 2012. Matokeo yalitoka Februari 2013 na zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Kelele zikawa nyingi, Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaunda tume, na mwanzoni mwa Mei Serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Kwa hiyo Mei ile nilikuwa nasubiri kuambiwa kama nimefaulu au nimefeli mara ya pili kwa mtihani mmoja. Nyangamara tulikuwa wengi wa hali hiyo. Wavulana walishinda kijiweni chini ya mwembe, karibu na duka la kuchajia simu, wakiwa na muda mwingi na jibu la lolote hawana. Sisi wasichana tulipelekwa kwenye ufuta.

Ninaitaja hali ile kwa sababu watu wa mbali huona moto siku unapowaka, wakadhani umeanza siku hiyo. Wazee wetu walikuwa na orodha ndefu. Walikumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, na reli iliyojengwa kwa ajili yake mpaka Nachingwea, ikaja kung'olewa miaka ya 1960 kana kwamba Kusini hakuna tena cha kusafirisha. Walikumbuka viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa nchini miaka ya 1970 na 1980, kimojawapo pale pale Mtama, vikaja kufungwa, na korosho ikaendelea kupakiwa ghafi kwenda India. Walikumbuka kivuko cha Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa la mwaka 2003, na hata baada ya daraja, kile kipande cha kilomita 60 kati ya Ndundu na Somanga ambacho kila masika kiliwalaza abiria kwenye tope. Juu ya orodha hiyo ndipo ikaja gesi.

Gesi ya Songo Songo, Kilwa, iligunduliwa 1974, na ya Mnazi Bay, Mtwara, 1982. Ya Songo Songo ilianza kuwasha mitambo ya umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Novemba 2012 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi la bomba jipya, refu la zaidi ya kilomita 500, la kuitoa gesi ya Mtwara kwenda Dar. Tarehe 27 Desemba watu wa Mtwara wakaandamana kwa maelfu wakisema gesi haitoki. Mwezi wa kwanza 2013 maandamano yakageuka vurugu, Mtwara na kisha Masasi, ambako ofisi na nyumba za viongozi zilichomwa na watu wakafa. Waziri Mkuu akaja kuzungumza na wazee, pakatulia. Mwezi wa nne Liwale nako kukawaka, safari hii kwa korosho: wakulima walitarajia malipo ya pili ya shilingi 600 kwa kilo, wakaletewa 200. Nyumba za viongozi zikachomwa. Na sisi pia malipo ya pili yalikuwa hayajatufikia kama tulivyoahidiwa.

Tarehe 22 Mei, siku ya Jumatano, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini ilisomwa bungeni Dodoma. Serikali ikasema bomba linajengwa. Nilikuwa shambani na Bibi, tunageuza matita, kijana mmoja akapita na baiskeli akatupigia kelele kwamba Mtwara hakukaliki. Bibi hakusimama. Akaniambia, "Mke mwenzangu, shika upande wako, hili tita linaanguka."

Nimeishi na jibu hilo miaka mingi. Siku ile lilinikera. Nilidhani hakusikia, au hakujali. Alikuwa amesikia vizuri sana. Jioni, tulipofika nyumbani, kitu cha kwanza alichokifanya kabla ya kunawa ni kupanda kwenye dari la jiko kukagua kibuyu chake cha mbegu. Kilikuwa kibuyu kikubwa cheusi kwa masizi, kimezibwa mdomo kwa gunzi na kupakwa udongo uliochanganywa na jivu. Ndani mlikuwa na mtama, kunde na njugu mawe, mbegu za kupanda tu. Sikuwahi kuona mtu anakula kitu kutoka mle hata mwaka wa shida. Akakigusa pale kwenye udongo kama unavyopapasa paji la uso la mtoto mwenye homa, akashuka.

Desturi hiyo aliirithi. Bibi yake alikuwa mtoto wa kike mdogo mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoteremka kutoka Umatumbi vikafika bonde la Lukuledi. Misheni ya Wabenediktini pale Nyangao, jirani zetu hawa, ilichomwa Agosti mwaka huo. Kisha Wajerumani wakajibu kwa njia yao: wakachoma mashamba na maghala ya chakula kijiji baada ya kijiji. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kwamba waliokufa nchini ni kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Bibi hakuwahi kutusimulia mapigano. Alisimulia njaa. Alisimulia nani alikuwa na mbegu mvua ziliporudi na nani hakuwa nazo, na nani aligawa. Kwake yeye, vurugu zozote za wakubwa zilikuwa na swali moja la kwanza: tutapanda nini? Hata wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, watu walipohamishwa na kuwekwa pamoja kando ya barabara, alibeba kibuyu kichwani na mtoto mgongoni, vyombo vingine akavirudia baadaye.

Usiku ule wa kwanza redio ya Mjomba ilikuwa barazani kwake, na baraza likajaa. Mjomba ni kaka wa mama yangu, na kwetu sisi mjomba ndiye mwenye neno. Tukasikiliza Dira ya Dunia ya BBC, tukasikiliza TBC. Tulichopata kwa hakika kilikuwa kidogo: nyumba na ofisi zimechomwa Mtwara, daraja dogo la Mikindani limeharibiwa, wanajeshi wamepelekwa. Askari wa JWTZ waliokuwa wakitoka Nachingwea kwenda Mtwara walipata ajali njiani, wanne wakafariki. Ile habari ya ajali ilituumiza kwa namna ya peke yake. Nachingwea ni kwetu, wale vijana wanajulikana kwa sura, wanashuka Mtama kununua maji.

Tulichosikia bila hakika ndicho kilichokuwa kingi. Kwamba jeshi linakuja kijiji kwa kijiji kukusanya vijana. Kwamba visima vimetiwa sumu. Kwamba Daraja la Mkapa limevunjwa, hakuna tena basi la Dar. Hapo ndipo Mjomba alipoanza kazi yake, na ninasema kazi kwa sababu niliiona ikimchosha. Kila aliyeingia na habari aliulizwa swali moja, kwa adabu, baada ya salamu zote kukamilika: "Nani kaona?" Ukisema umeambiwa, anauliza nani kakwambia na yeye alikuwa wapi. Ukisema umesoma kwenye simu, anakuomba uisome kwa sauti, na anauliza namba iliyotuma ni ya nani. Habari isiyo na mwenyewe ilibaki nje. Alisema, "Iliyoonwa ilale ndani. Iliyosikika ilale nje, kesho tutaiangalia kama bado ipo."

Asubuhi nyingi haikuwepo. Daraja la Mkapa lilikuwa limesimama. Ni lile la Mikindani lililokuwa limekua kwa kila kilomita mpaka likafika Rufiji. Kuna mama alikuwa na mtoto wake mgonjwa Muhimbili, Dar es Salaam, na usiku mzima alilia kwa ajili ya daraja ambalo halikuwa na ufa. Machozi yale siyasahau, kwa sababu hakuna aliyemwombea radhi. Uvumi una desturi ya kuondoka bila kuaga.

Siku moja baadaye akafika mtu aliyeona. Binamu yangu, mtoto wa mama mkubwa, alikuwa akiuza duka la vifaa vya simu Mtwara mjini. Alikuja sehemu kwa lori la chumvi, sehemu kwa miguu, macho mekundu kwa mabomu ya machozi, kiatu kimoja kimechanika. Vijana wa kijiweni walimwona tangu barabarani wakamfuata kwa kundi. Mjomba akawaambia mgeni hajala. Akaletewa ugali wa muhogo na kisamvu, akaachwa ale, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza kitu mpaka anawe mikono. Alipomaliza, Mjomba akamtaka asimulie mara moja tu, polepole, mbele ya watu wazima na vijana pamoja. Akasimulia. Sitayaandika yote hapa. Mengi ni yake. Alipofika mahali sauti ikakatika, hakuna aliyemhimiza. Kisha akapelekwa kulala, na Mjomba akawaomba vijana, akawaomba hasa, wasimwamshe wala wasimrudishe kwenye simulizi ile kijiweni usiku huo. "Mkimsimulisha kila saa atakuwa bado yuko Mtwara," alisema. Baadaye maishani nimesikia wataalamu wakiyaeleza mambo hayo kwa maneno marefu. Mjomba alikuwa na darasa la saba.

Katika kijiji chetu alikuwepo mtu mmoja aliyekuwa na hofu kutuzidi wote, na hofu yake ilitokana na sisi. Mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi alikuwa mama kijana kutoka Kagera, mwenye mtoto wa kunyonya. Mume wake alikuwa kazini mkoa mwingine. Masasi mwezi wa kwanza na Liwale mwezi wa nne, waliochomewa nyumba walikuwa viongozi, lakini mtu aliyetumwa na Serikali kutoka mbali, asiye na ndugu hapo, hawezi kujua mstari unaishia wapi. Vyeti vyake alikuwa amevifunga kwenye mfuko wa nailoni akaviweka chini ya mto pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto. Nilivijua kwa sababu Bibi aliniagiza nikalale kwake.

Hakuna aliyekwenda kumwambia mwalimu usiogope. Nadhani wanawake wa Nyangamara walielewa kwamba neno hilo halina uzito kinywani mwa watu unaowaogopa. Walichokifanya ni kwenda kwake mchana kweupe, mmoja mmoja, kila mtu na kisingizio chake. Mmoja alipeleka mzigo wa kuni. Mwingine alikwenda kuazima chekecheo. Mwingine alipeleka kunde mbichi akakaa kuzichambua palepale uani, akimbeba mtoto, akizungumza habari za panya shambani. Njia ya kwenda kwa mwalimu inapita mbele ya kijiwe, na hiyo ndiyo ilikuwa maana yake. Kila aliyekaa chini ya mwembe aliona mama yake, shangazi yake, bibi yake mwenyewe akiingia lile lango na kutoka. Baada ya hapo, mtu ambaye angetaka kulitazama lango lile kwa jicho baya alikuwa anatazama nyumba ya kwao.

Usiku mwalimu hakulala, nami sikulala. Tulizungumza. Aliniambia kwao Kagera vita vya Amin vya 1978 viliwapitia wazazi wake, daraja la Kyaka likavunjwa, mama yake alikimbia akiwa na mimba. Nikamsimulia kibuyu cha Bibi. Akacheka kidogo kwa mara ya kwanza, akaniambia mama yake naye alikuwa na kitu kama hicho, ila chake kilikuwa chungu cha maharage. Asubuhi akaenda shule akapiga kengele kama kawaida. Watoto hawakuwa wengi, nusu walikuwa kwenye ufuta, lakini kengele ilisikika mpaka mashambani, na ninakumbuka tulivyoinua vichwa wote tuliposikia. Ilitupa saa. Siku hizo kitu chochote kilichotokea kwa wakati wake kilikuwa msaada.

Sasa nirudi kijiweni, kwa sababu ningekuwa nawadhulumu wenzangu nikiwaeleza kama moto uliohitaji kuzimwa tu. Walikuwa na hasira na hasira yao ilikuwa na sababu. Walikuwa wamefelishwa mtihani ambao Serikali yenyewe ilikiri kwamba matokeo yake hayakukaa sawa. Baba zao walikuwa wamepeleka korosho ghalani, wamepewa nusu, wanaambiwa wasubiri mnada, wasubiri makato, wasubiri hesabu. Siku moja likaja wazo la kukata mti na kuulaza barabarani. Wengine wakataja ghala la chama cha msingi cha ushirika.

Mjomba alikwenda pale na bao. Alilibeba begani kutoka nyumbani, akaliweka chini ya mwembe, akaomba mtu wa kucheza naye. Walicheza mchana kutwa. Aliwafunga wawili, wa tatu akamfunga yeye, na nina hakika hakumwachia. Alingoja waanze wenyewe. Kijana mmoja akasema, "Mjomba, kwa hiyo sisi tukae tu?" Mjomba akasambaza kete zake mpaka zikaisha mkononi, ndipo akajibu.

"Nani kakwambia ukae? Mimi mwenyewe ninadai. Ila huo mti mkiulaza, gari la kwanza kukwama hapo haliwezi kuwa la waziri. Waziri hapiti hapa. Litakuwa gari linalompeleka dada yako Nyangao kujifungua."

Hospitali ya Nyangao ndiyo tunayoikimbilia wote, Waislamu na Wakristo. Kila kijana pale alikuwa na mtu aliyezaliwa au kufia Nyangao. Sisemi kwamba maneno hayo yaliwatuliza. Mmoja aliinuka akaondoka kwa hasira, akamwita Mjomba mzee wa chama, na hilo lilimuuma, nililiona usoni mwake. Lakini mti haukukatwa. Na Mjomba hakuishia hapo, maana kumwambia kijana asifanye ni nusu tu ya neno. Akasema kesho baada ya swala ya Ijumaa kila mwenye stakabadhi ya korosho ailete kwake. Wapo waliosoma, waandike.

Ijumaa ile maalim msikitini hakuzungumzia gesi. Alizungumzia amana: kilichowekwa kwa mtu kirudi kwa mwenyewe kikiwa kamili. Kila mmoja alielewa. Wenzetu Wakatoliki Jumapili yao waliombea waliokufa wiki ile, raia na askari, wote kwa pamoja. Ninalitaja kwa sababu kulikuwa na watu mijini waliotaka wafu wahesabiwe kwa upande.

Kisha zikaja stakabadhi. Sijawahi kuona karatasi zilizotunzwa vile. Zilitoka kwenye pindo za kanga zilizofungwa mafundo mawili. Zilitoka katikati ya msahafu, kwenye kopo la maziwa ya unga, kwenye bomba la mwanzi lililochomekwa kwenye paa la makuti. Nyingine zilikuwa zimeliwa na mchwa pembeni, kilo zinasomeka, tarehe hazisomeki. Mzee mmoja alileta stakabadhi za misimu mitatu zikiwa zimeshonwa kwa uzi mweusi kama kitabu. Mama mmoja, mjane, alileta karatasi ya kilo chache sana, akasema kwa sauti ya chini kwamba nyingine aliuza kwa kangomba, biashara ya magendo ya korosho, mwezi wa kumi na moja, kwa bakuli, maana mtoto aliumwa na hakuweza kungoja mnada. Hakuna aliyemcheka wala kumkemea. Mjomba akaniambia, "Na hiyo iandike. Pembeni, lakini iandike."

Nilikaa chini ya mwembe na daftari kubwa la kaunta. Upande mmoja nilikuwa mimi, upande wa pili kijana yule yule aliyeondoka kwa hasira, kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa wote na alirudi bila kuitwa. Jina, kilo, daraja la korosho, malipo ya kwanza, malipo ya pili, kilichobaki. Tuligombana kuhusu kujumlisha. Tukamwita mwalimu. Akaja na mtoto mgongoni, akakaa kwenye kigoda, akakagua jumla zetu ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu nyekundu. Watu walikuja kutoka shambani na vumbi la ufuta kwenye nyusi, wakasimama nyuma yake kuona namba zao zikiwekwa vema. Walisimama kimya namna watu wanavyosimama wakipimiwa dawa.

Nimesikia mara nyingi watu wa Kusini tukisifiwa upole, hasa na viongozi wanaopita na msafara. Sifa hiyo siipokei. Inaufanya utulivu wetu uonekane kama rangi ya ngozi, kitu tulichozaliwa nacho, kwa hiyo mtu anaweza kutuwekea mzigo wowote. Wiki ile niliuona utulivu ukitengenezwa kwa mikono na watu waliokuwa na hasira sawasawa na wale wa Mtwara. Waliutengeneza kwa kuni, kwa kete za bao, kwa swali lile lile la Mjomba lililorudiwa mpaka likawachosha watu. Watu wa Mtwara, Masasi na Liwale hawakuwa wabaya kutuzidi. Wapo kule waliofanya haya haya katika mitaa yao, na hakuna gazeti lililowaandika, kwa sababu nyumba ambayo haikuchomwa haina picha.

Mkutano mkuu wa kijiji ulifanyika ufuta ulipokwisha kuuzwa. Daftari lilisomwa lote, jina kwa jina, mbele ya viongozi wa chama cha msingi na wageni waliokuja na gari. Ilichukua muda mrefu, jua likahama kutoka upande mmoja wa mwembe mpaka mwingine. Wageni waliomba tufupishe, tukakataa. Kijana aliyekuwa ameandika nami ndiye aliyesoma, na sauti yake ilitetemeka mwanzoni tu. Maswali yaliulizwa kwa adabu na hayakuwa mepesi. Sehemu ya fedha ilikuja baada ya hapo, sehemu haijaja mpaka leo, na wazee wawili waliokuwa katika ukurasa wa kwanza walifariki wakidai.

Matokeo yangu yalitoka upya mwishoni mwa Mei ile. Yalinitosha kwenda chuo cha ualimu. Bomba nalo lilikamilika, likafunguliwa Oktoba 2015, likiwa limepita ndani ya mkoa wetu wa Lindi kuelekea Kinyerezi, Dar es Salaam. Binamu yangu alirudi Mtwara akafungua duka jingine. Mwalimu wa Kagera alihamishwa miaka kadhaa baadaye kumfuata mume wake, na siku ya kuondoka alisindikizwa na kijiji mpaka Mtama.

Korosho za msimu uliofuata zilianza kupelekwa ghalani Oktoba ya mwaka ule ule wa 2013. Siku ya kwanza ya mizani, aliyekuwa mbele ya foleni ni yule mama mjane, na daftari la kaunta alilikumbatia kifuani. Karani akamuuliza lile daftari ni la nani. Akamjibu kwamba ni la kijiji, akamfungulia ukurasa mpya mbele yake, akamwomba asome mizani kwa sauti.